Usilipige Rangi Hilo Gitaa

Oya wanangu wa Kahororo, na nyie masela wa Kashai, Hamugembe, Rwamishenye mpaka kule Muleba na Kamachumu: kama nyumbani kuna gitaa la umeme la kitambo, lile lililolazwa juu ya kabati la mshua au limesahaulika stoo nyuma ya magunia ya kahawa, usiliguse na kopo la rangi. Usilipige msasa. Usitupe volyumu zake eti zinakwaruza. Na usimwachie winga yeyote kwa sababu kakuwekea laki mbili taslimu mezani. Lisome kwanza. Gitaa la umeme limeandikwa mwaka wake ndani kwa ndani, na ukijua pa kuchungulia unaupata kwa bisibisi ya nyota na tochi ya simu.

Nalivalia njuga hili kwa sababu kitaa kinapigwa pande zote mbili. Mwenye gitaa la kweli analiachia bei ya kutupa kwa kuwa limechubuka, halafu sela mwingine anakamuliwa mkwanja wa maana kwa kimeo kilichobandikwa jina la Fender, kaambiwa ni "toleo maalumu la mwaka 79". Yule wa kwanza hakuangalia ndani. Na huyu wa pili naye hakuangalia ndani.

Kuna watakaosema gitaa la maana haliwezi kuwa limefika Bukoba. Hao hawajui Bongo ya enzi za dansi ilivyokuwa inaendeshwa. Mpiga gitaa mkali mara nyingi gitaa hakuwa nalo. Vyombo vilikuwa vya bosi, na bosi mara nyingi ni shirika au idara. NUTA Jazz ilianza 1964 kwa vyombo vya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, JKT wakawa na Kimulimuli, Bima wakawa na Bima Lee. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafiri, TTTS, kabla ya kuchukuliwa na shirika la DDC mwaka 1983. Super Matimila ya Remmy Ongala hata jina lake ni la mfanyabiashara aliyekuwa anamiliki vyombo. Mwanamuziki akihama bendi, na jamaa walikuwa wanahama kinoma, gitaa linabaki kwa mwenyewe. Bendi ikifa, vyombo vinasambaa: vingine kwaya, vingine shule, vingine kwa mzee ambaye alikuwa anadai mshahara wa miezi na akaona bora achukue gitaa kuliko kukosa vyote.

Ndiyo maana magitaa yetu yana alama. Herufi za bendi zilizochongwa kwa msumari nyuma ya bodi, namba ya mali ya ofisi, stika ya duka, jina lililopigwa kwa brashi kwenye kifuniko cha sanduku. Wewe unaona uchafu. Mimi naona mahali pa kuanzia, na hapa mtoto wa Kagera ana faida ambayo mtaalamu wa Marekani hana, kwa sababu majina yetu yamebadilika mara nyingi na kila badiliko lina tarehe.

Stika ya duka iliyoandikwa Tanganyika inakupeleka 1964 au nyuma yake. Alama ya TANU ni ya kabla ya tarehe 5 Februari 1977, siku CCM ilipozaliwa. NUTA inaanzia 1964, mwishoni mwa miaka ya 70 inakuwa JUWATA, 1991 inakuwa OTTU, kwa hiyo herufi tu za chama cha wafanyakazi zinakugawia vipindi vitatu. Na ukikuta sanduku la spika limeandikwa Mkoa wa Ziwa Magharibi, shika hapo hapo mwanangu: hilo ni jina la mkoa wetu kabla haujaitwa Kagera, na jina la Kagera limekuja baada ya vita vya Amin. Hata maneno ya kiwandani yanasaidia. Gitaa la Höfner au Framus lililopigwa muhuri wa "W. Germany" limetoka Ujerumani Magharibi, nchi iliyoacha kuwapo Oktoba 1990.

Halafu kuna wazee. Mzee wa Kihaya hatakwambia "nadhani ni kama sabini na ngapi hivi" ukimuuliza vizuri. Muulize lilikuja kabla au baada ya Azimio, yaani 1967. Kabla au baada ya Amin kuvuka mpaka, yaani mwisho wa Oktoba 1978. Kabla au baada ya meli ya MV Bukoba kuzama, tarehe 21 Mei 1996. Anayekumbuka alikuwa wapi siku hiyo anakumbuka pia kama gitaa lilikuwa ndani ya nyumba. Andika anachosema, ila tofautisha mambo mawili: alama na kumbukumbu zinakwambia gitaa lilikuwa mikononi mwa nani na lini. Lilizaliwa lini, hilo mzee hajui. Hilo linajibiwa na bisibisi.

Kabla ya kufungua, chomoa waya kwenye amplifaya na legeza nyuzi zote taratibu. Na kama kuna amplifaya ya zamani ya valvu imekaa pembeni, hiyo usiifungue kabisa hata kama haijachomekwa. Kapasita zake zinaweza kuwa bado zimeshika umeme wa kukurusha. Mwachie fundi redio anayejua. Gitaa lenyewe halina shida.

Anza na volyumu. Vua kile kibati au plastiki ya mbele, au kifuniko cha nyuma, utaona volyumu na toni zimekaa kama zilivyofungwa kiwandani, na kwenye mgongo au ubavu wa kila moja kuna tarakimu zimepigwa. Viwanda vya Marekani vilikuwa na utaratibu mmoja. Tarakimu tatu za kwanza ni mtengenezaji: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, 134 ni Centralab. Zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki ya mwaka huo. Chukua mfano wa 1377841. 137, ni CTS. 78, ni mwaka 1978. 41, ni wiki ya arobaini na moja, yaani katikati ya Oktoba, wiki kama mbili kabla jeshi la Amin halijavuka mpaka. Kwenye magitaa ya miaka ya 50 tarakimu nyingi ni sita, maana mwaka umepewa tarakimu moja tu. Kagera ya manshomile haiwezi kushindwa kusoma hapo.

Ila usirukie hitimisho. Volyumu haikwambii gitaa limetengenezwa lini. Inakwambia haliwezi kuwa limetengenezwa kabla ya hapo. Kiwanda kinanunua mzigo na kuuweka shelfu. Fender walinunua shehena kubwa ya volyumu mwaka 1966, wakaendelea kuzifunga kwenye magitaa mpaka karibu miaka ya 60 inaisha. Kwa hiyo ukisoma 66 kwenye volyumu na gitaa likawa la 1968, hakuna aliyekudanganya. Lakini ukiambiwa gitaa ni la 1965 na volyumu zote mbili tatu zinasema 1971, na lehemu yake bado ni ile safi ya kiwandani ambayo haijaguswa, biashara imeishia hapo. Angalia hiyo lehemu kwa makini. Ya kiwandani inang'aa kwa kiasi, ndogo, imekaa sawasawa. Ya fundi wa mtaani mara nyingi ni donge, na pembeni kuna nailoni ya waya iliyoungua. Huku kwetu volyumu ikifa fundi anachomoa nyingine kwenye redio mbovu, na hilo siyo kosa lake, muziki ulitakiwa Jumamosi. Wewe ukikuta volyumu ngeni, iache ilipo na tafuta nyingine ambayo haijaguswa. Na kama ile iliyotolewa bado iko kwenye bahasha au kopo la misumari, itunze. Ni kipande cha ushahidi.

Cha pili ni shingo. Kwenye Fender shingo imekazwa kwa skrubu kwa nyuma. Zikitoka, shingo inachomoka, na chini yake pale ilipolala ndani ya bodi kwenye magitaa ya miaka ya 60 kuna muhuri wa wino, tuseme "2 MAR 65 B". Hapa watu wengi wanaingia chaka. Wanasoma tarehe 2 Machi. Hiyo 2 ya mbele siyo siku, ni namba ya aina ya shingo, kuonyesha inaenda kwenye modeli gani. Mwezi ni Machi, mwaka ni 65. Na B ya mwisho siyo daraja la pili la ubora. Ni upana wa shingo pale juu nyuzi zinapoingia. Mtu akikuuzia "A" kwa bei juu eti ndiyo daraja la kwanza, anakuuzia shingo nyembamba.

Namba ya kichwani au kwenye kibati cha nyuma ya shingo, ambayo ndiyo kila mtu anaikimbilia na kuipiga picha, mimi naiweka ya tatu makusudi. Kibati kinafunguliwa na kuhamishiwa gitaa lingine, stika inachapishwa Kariakoo. Halafu hata ikiwa halali, kila kampuni ina tabia yake. Gibson kuanzia 1977 walikuja na mfumo simpo wa tarakimu nane, unafanya kazi kama namba ya NIDA: siku ya kuzaliwa imo humo humo. Tarakimu ya kwanza na ya tano ni mwaka. Ya pili, tatu na nne ni siku ya ngapi ya mwaka. Tatu za mwisho ni mpangilio wa gitaa siku hiyo na kiwanda chake. Chukua 71019045. Saba na tisa, 1979. Siku ya 101, ambayo ni tarehe 11 Aprili. Na 045 iko chini ya 500, kwa hiyo ni kiwanda cha Kalamazoo, Michigan, siyo Nashville. Gitaa lenye namba hiyo lingekuwa limepigwa muhuri siku ile ile Kampala ilipoanguka. Na kwa kuwa Kalamazoo ilifungwa 1984, namba ya 1988 inayodai imetoka Kalamazoo ni ya kuishangaa.

Lakini Gibson ya miaka ya 60 na mwanzo wa 70 ni balaa. Namba zilirudiwa, moja inaweza kuangukia miaka miwili mitatu tofauti. Hapo ndipo unarudi kwa volyumu yako na kuona kwa nini nimeiweka mbele. Halafu kama shaka yako ni feki kabisa, angalia kile kifuniko kidogo cheusi kichwani, kinachofunika chuma cha kunyooshea shingo. Cha Gibson kina skrubu mbili. Feki nyingi zilizosambaa miaka hii zina tatu. Hilo linaonekana hata kwenye picha ya WhatsApp kabla hujapanda boda.

Sasa tuje kwenye hilo neno linalotoa watu mkwanja: toleo maalumu.

Stratocaster ilitoka 1954. Mwaka 1979 Fender wakasherehekea miaka 25 kwa kutoa Stratocaster ya kumbukumbu, na hiyo ndiyo mawinga wanapenda kuitaja. Ni gitaa la kweli, lipo, na lina sifa zake ambazo huwezi kuzitunga kwa stika. Kwenye pembe ya juu ya bodi limeandikwa ANNIVERSARY kwa herufi nyeusi. Za mwanzo kabisa zilipakwa rangi nyeupe ya lulu, ile rangi ikawazingua, ikawa inapasuka, wakaacha na kuhamia rangi ya fedha. Kwa hiyo karibu zote utakazoziona ni za fedha, na ile nyeupe ndiyo adimu kweli. Shingo ni ya mepo, vya kukazia nyuzi ni vya Sperzel.

Utamu uko nyuma. Stratocaster za kawaida tangu 1971 mpaka 1981 zilikuwa na shingo iliyokazwa kwa skrubu tatu, na tangu mwishoni mwa 1976 namba yake imehamia kichwani, inaanza na S na tarakimu: S7, S8, S9. Hii ya kumbukumbu walirudisha skrubu nne, na namba yake iko kwenye kibati cha nyuma, tarakimu sita zinazoanza na 25. Kwa hiyo mtu akikuletea Stratocaster ya fedha imeandikwa ANNIVERSARY, geuza. Skrubu tatu? Ama bodi imepakwa upya ama gitaa limeunganishwa kutoka magitaa mawili. Skrubu nne lakini namba ya S kichwani? Shingo siyo yake. Skrubu nne, namba inaanza na 25, volyumu zinasoma 78 au 79? Kaa chini, mpigie simu mshua, hapo mna kitu.

Na hata hapo, punguza mzuka. Toleo hilo lilitengenezwa kwa maelfu. Jina "maalumu" halimaanishi adimu, linamaanisha kiwanda kiliamua kuliuza hivyo. Fender wamefanya sherehe nyingi tangu hapo: miaka 50 ya kampuni yenyewe 1996, miaka 50 ya Stratocaster 2004, kila sherehe na stika au kibati chake. Ukiona neno la kumbukumbu bila mwaka, swali la kwanza ni kumbukumbu ya ipi.

Mimi binafsi, nikiambiwa nichague cha kutafuta Kagera, singetafuta Fender. Ningetafuta Mjapani. Magitaa ya Kijapani ya miaka ya 60 na 70 yalikuwa na bei ambayo bendi ya mkoani ingeweza kuota, na yalifika kona nyingi za dunia. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe alikwenda Osaka na Morogoro Jazz kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70, miaka tisa kabla ya ajali ya Mombasa iliyomchukua Januari 1979. Fikiria mpiga solo wa Morogoro akiingia nchi ambayo viwanda vya magitaa ya umeme vilikuwa vinachemka hivyo. Teisco, Guyatone, Yamaha, Greco, Ibanez. Haya ndiyo ambayo vijana wanayaita makopo na kuyapaka rangi.

Kuyapa mwaka ni kazi zaidi, na ndiyo maana nayapenda. Teisco nyingi hazina namba ya maana, na kiwanda kilikuwa kinatengeneza gitaa moja na kulibandika majina tofauti kwa wateja tofauti. Kampuni ilianza 1946, ikanunuliwa na Kawai 1967. Volyumu zao hazifuati zile tarakimu tatu za Marekani. Unabaki na umbo: pikapu ngapi, swichi za kubonyeza au za kusukuma, kichwa kimechongwaje, halafu unalinganisha na katalogi za mwaka hadi mwaka, ambazo watu wamezipiga picha na kuziweka intaneti. Bando la jero linatosha.

Ibanez wao ni freshi. Kuanzia 1975 namba inaanza na herufi ya mwezi, A ni Januari mpaka L ni Desemba, kisha mwaka, kisha mpangilio. D790412 ni Aprili 1979. Basi. Na Ibanez za katikati ya miaka ya 70 zina hadithi nzuri: zilikuwa zinaigiza Gibson mpaka kichwa, mpaka kampuni mama ya Gibson ikaenda mahakamani 1977. Wenyewe Ibanez walikuwa wameshaanza kubadilisha kichwa. Sasa hivi zile zenye kichwa cha zamani zinatafutwa duniani, na mtu asiyejua anaziita feki na kuzipita. Huo ndio mfano wa nakala iliyokuja kuheshimiwa kwa sababu ilitengenezwa vizuri.

Na moja ya haraka: gitaa lenye jina la Squier haliwezi kuwa la 1975. Squier kama gitaa imeanza 1982, Japani, mwaka ule ule Fender walipofungua tawi lao huko. Zile za mwanzo namba zake zinaanza na JV, na ukipata JV usimwambie mtu mpaka umelipa.

Tuongee kuhusu kuzeeka, maana huku ziwani hili linawapoteza wengi. Bukoba inapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Chuma cha gitaa kinashika kutu, kifuniko cha pikapu kinakuwa na madoa ya kijani, skrubu zinang'ang'ania. Gitaa la 2005 lililokaa gheto lenye unyevu Kahororo linaweza kuonekana kongwe kuliko la 1970 lililotunzwa kwenye sanduku lake. Kwa hiyo kutu usihesabu kama umri. Wala mikwaruzo. Kuna watu wanachubua gitaa jipya makusudi ili lionekane limekula stejini, na wanajua kufanya hivyo. Ila mikwaruzo ya kweli ina mantiki: inakuwa pale mkono wa kulia unapolala, pale mkanda unaposugua, pale kifungo cha shati au mkanda wa suruali unapogusa mgongo wa bodi. Mikwaruzo iliyosambaa kila mahali sawasawa imetengenezwa mezani.

Kuna kifaa kingine ambacho hapa mjini ni rahisi kukipata: ile taa ya bluu ya kukagulia noti bandia. Mwombe wakala wa pesa akuazime dakika mbili, ingia chumba chenye giza, ipitishe juu ya bodi. Rangi ya zamani inang'aa kwa namna yake, na sehemu iliyorekebishwa baadaye inaonekana doa la kivuli tofauti, hata kama mchana macho yako hayakuona kitu. Hapo utajua kama shimo liliwahi kuzibwa, kama bodi ilivunjika na kuungwa, kama herufi za bendi zilifutwa na mtu aliyekuja kabla yako. Herufi zilizofutwa wakati mwingine zinarudi chini ya taa hiyo. Zipige picha papo hapo.

Maana thamani haiishii kwenye mwaka. Mwaka 2020 gitaa la Kurt Cobain, Martin D-18E ya 1959, liliuzwa mnadani kwa dola milioni sita. Magitaa ya modeli hiyo yalitengenezwa 302 tu, lakini siyo hesabu hiyo iliyoleta mamilioni. Ni kwamba watu waliliona mikononi mwake na wangeweza kuthibitisha ni lile lile. Kwetu uthibitisho huo upo lakini umetawanyika: kwenye majalada ya sahani za santuri zilizotolewa Nairobi, kwenye picha za bendi zilizowekwa kwenye fremu sebuleni, kwenye albamu za harusi ambapo nyuma ya bibi harusi kuna jamaa wa suruali ya bugaluu kashika gitaa. Kuza hiyo picha kwenye simu. Tafuta kovu kwenye bodi, skrubu iliyokosekana, kona ya plastiki iliyovunjika. Kama bodi inaonyesha mbao, fuata mistari ya mbao, maana mti haurudii mistari yake kwenye gitaa la pili. Mistari ikikubaliana, una gitaa na una mtu na una siku. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi hapa kwetu, kwa hiyo kama albamu yenu ilisalimika, ipige picha ukurasa kwa ukurasa wikiendi hii.

Sasa jinsi ya kuongea na mshua. Usimwendee na bei. Mwambie, "Shikamoo baba, naomba nilifungue gitaa nilisome, nitalirudisha kama lilivyo." Fungulia mbele yake, skrubu kwenye kisahani, kila hatua piga picha: volyumu, lehemu, muhuri wa shingo, kibati, mgongo wa kichwa. Andika kwenye daftari kile ulichokiona, siyo unachotamani. Volyumu zinasema nini, shingo inasema nini, namba inasema nini, mzee anasema nini. Vikikubaliana vitatu na kimoja kikapinga, kilichopinga ndicho cha kuchimbua, usikifiche. Mnunuzi wa maana, awe Dar, Nairobi au Ujerumani, ataomba picha hizo hizo, na ataona pale pale ulipoficha.

Mshua akiamua liuzwe, bei ipangwe mbele ya familia na iandikwe, na picha za ndani zibaki kwenu. Akikataa, nunua nyuzi mpya, nyembamba, shingo kongwe isivutwe sana, mrudishie mkononi. Halafu muulize aliyekuwa anapiga solo kabla yake alikuwa nani, aliyekuwa anapiga ridimu nani, besi nani, walipiga ukumbi gani Bukoba na gitaa lilikuwa linachomekwa kwenye amplifaya gani. Andika majina yote kwa tahajia atakayokutajia yeye, weka tarehe ya leo juu ya ukurasa, na karatasi hiyo uiweke ndani ya sanduku la gitaa, chini ya mkanda.